Chakula cha Binti wa Kwanza

Nyumbani kwa Nawoi, Kakuma, upande wa mto Tarach, kulikuwa na kanuni moja isiyojadiliwa: anayepakua chakula anakula mwisho, na anayepakua ni Akai. Baba akiwepo alianza yeye, wakafuata wavulana wawili, kisha mtoto wa mwisho, kisha Nawoi mwenyewe. Akai, binti wa kwanza, alikwangua sufuria. Siku ambazo hapakuwa na cha kukwangua aliisuuza kwa maji kidogo, akayanywa maji hayo.

Kanuni hiyo haikuzaliwa na ukatili. Ilianza mwaka 2011, ukame ulipomaliza mbuzi wote wa nyumba ile isipokuwa wanne, na Lokiru, mume wa Nawoi, akawaswaga hao wanne kuelekea Nakalale, akawa anarudi mara moja kila baada ya miezi kadhaa. Akai alikuwa na miaka sita. Nawoi aliona kwamba mtoto mkubwa anaweza kuelezwa njaa akaelewa, lakini mdogo hawezi. Kwa mwaka ule hakuna haki ya kumlaumu. Kila mama aliyeupitia aligawa uhaba kwa namna yake.

Lakini kanuni ya njaa ikishaingia nyumbani haijui siku ya kutoka. Akai alipoanza shule, ambako watoto walipewa githeri ya mahindi na maharagwe mchana, Nawoi alimpa kopo tupu la maziwa ya unga: ale nusu, nusu awaletee wadogo zake. Akai alifanya hivyo kwa miaka mitano. Wenzake walimwita Mama Kopo, naye akacheka pamoja nao. Majirani walimsifu Nawoi kwa malezi mema. Walisema mtoto yule ana adabu, haombi kitu. Hakuna aliyeuliza kwa nini Ekaale, anayemfuata kwa miaka miwili, alikuwa tayari amempita dada yake kwa kichwa kizima.

Mwaka 2018 alikuja mtafiti kutoka Nairobi aliyeitwa Carol. Alikuwa anachunguza nyuki wa porini kandokando ya Tarach, afya yao na chakula chao, na alihitaji mtu anayejua ni vichaka gani vikikauka hubaki na moyo laini ndani ya vijiti. Nawoi, aliyekuwa ameuza kuni na makaa miaka mingi, alivijua vyote. Akaajiriwa, akalipwa kila wiki, na kwa mara ya kwanza tangu ule ukame nyumba yake ikawa na unga wa akiba, maharagwe na mafuta.

Nyuki hao si wa asali. Ni weusi, wadogo kama siafu, hawana mzinga wala malkia. Mama huchimba kijiti kikavu, akaweka chini kabisa donge la chavua na yai moja juu yake, akaziba, akaweka donge jingine na yai jingine, hadi juu. Kazi ya Nawoi ilikuwa kupasua kijiti kwa kisu, kwa urefu wake, bila kuwadhuru waliomo. Hakuna aliyemfikia kwa mkono ule. Carol alipima kila donge kwenye mzani mdogo uliofunikwa kwa kioo, maana hata pumzi ya mtu ingeusogeza. Mwaka ule maua yalikuwa machache. Madonge mengi yalikuwa madogo, mengine yameota ukungu, na nyuki aliyetoka chini kabisa, yaani binti wa kwanza, alikuwa karibu nusu ya wenzake.

Nawoi aliuliza kwa nini. Carol akamweleza kwamba katika nchi nyingine kuna jamaa za nyuki huyu ambao mama humwekea binti wa kwanza chavua kidogo, tena hafifu, ili atoke mdogo. Binti huyo hana nguvu za kwenda kuanzisha kiota chake. Hubaki, huwalisha wadogo zake, kisha hufa bila kuzaa. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba kwa baadhi ya nyuki, maisha ya kufanya kazi pamoja yalianza hivyo, kwa mtoto mmoja kunyimwa. Carol alitaka kujua kama nyuki wa Tarach nao wana tabia hiyo.

Nawoi alicheka.

"Basi huyu ni Akai wangu," alisema. "Kumbe hata nyuki anajua kulea."

Carol hakucheka. Alikuwa ameshakula kwa Nawoi mara mbili, akamwona msichana anayebaki na sufuria.

"Mama Akai, nyuki hana namna nyingine. Wewe sasa unayo."

"Daktari, wewe pima nyuki zako. Watoto wangu nawajua mimi."

Carol hakulirudia neno hilo. Alihitaji mikono ya Nawoi kwa muda mrefu bado. Hilo ni kosa lake, na usomi haulipunguzi: mtu aliyeweza kupima chavua isiyofika uzito wa punje ya mtama alimwona mtoto anakwangua sufuria, akaogopa kuonekana hana adabu.

Mwishoni mwa 2019 mvua ilinyesha sana. Vichaka vya mtoni vilitoa maua ambayo Nawoi hakuwa ameyaona tangu usichana wake. Walipopasua vijiti vya msimu ule, mabinti wa kwanza waliodumaa walikuwa wachache kuliko mwaka uliotangulia. Yule mdudu, alipopata vya kutosha, alilegeza mkono. Nawoi aliyaona hayo kwa macho yake, kwa kisu chake mwenyewe. Jioni alirudi nyumbani, maharagwe yakapikwa sufuria tele, na Akai, mwenye miaka kumi na minne, umri ambao wasichana hurefuka, akala mwisho. Chakula kilikuwepo. Kilichobaki kilifunikwa kwa ajili ya Ekaale, aliyekuwa hajarudi kutoka mpirani.

Mwaka jana polisi waliandikisha makurutu Lodwar. Akai alikuwa ameitaka kazi hiyo tangu kidato cha pili. Kila asubuhi alikimbia barabara ya Kalobeyei kwenda na kurudi, na cheti chake kilitosha. Nawoi naye alimtakia mema kwa moyo wote. Alimwombea kanisani mbele ya watu. Walisafiri watatu, kwa kuwa Ekaale alikuwa amemaliza shule na alikuwa anajaribu pia.

Katika mbio za wasichana Akai alikuwa wa pili. Kisha wakapimwa kimo.

"Dada, nyoosha mgongo," alisema askari wa kike aliyeshika kipimo.

"Nimenyoosha."

"Nyoosha tena."

"Huyu si aandikishwe nasari kwanza?" msichana mmoja alisema kwenye foleni, na wengine wakacheka. Askari hakucheka. Alikuwa ameziona zile mbio, akampima mara tatu. Zilipungua sentimita mbili.

"Pole, dada. Umekimbia vizuri sana. Ni kimo tu."

Upande wa wavulana, Ekaale alipita.

Nawoi alikuwa amesimama nje ya kamba na amesikia yote. Akai alipomfikia, alimwambia asilie, mmoja akipata ni nyumba nzima imepata. Akai hakuwa analia.

"Mama, ile miaka uliyofanya kazi kwa Carol, chakula kilikuwepo?"

"Kilikuwepo."

"Sasa mbona mimi hukunipa?"

Nawoi alifikiri kwanza. Hakuwa mwongo, akamjibu alivyoamini.

"Wewe hukuomba."

Akai hakurudi nao Kakuma siku hiyo. Sasa yuko Kalobeyei, anaosha vyombo katika hoteli ya Mkongo mmoja anayeitwa Déo, na analala huko huko. Nawoi amekwenda mara mbili. Mara ya kwanza Akai alimsalimia "ejok" kama anavyowasalimia wateja, akaendelea na kazi. Mara ya pili alitoka kwa mlango wa nyuma. Simu za nyumbani hazipokei.

Kanuni ile ilimgharimu Akai kimo chake na kazi aliyoistahili. Naye Nawoi, ilimgharimu Akai mwenyewe.