Vyombo vya Watu

Mume wangu ni mtu mpole, na upole wake umenitia hasira miaka thelathini na minne. Mtaani wanamwita Waya. Alikuwa fundi wa redio, deki za video na simu za vibonye. Alipofunga kibanda chake, kila kitu ambacho wenyewe hawakukifuata kilihamia chumba chetu cha nyuma, chumba alimokulia binti yetu.

Kila chombo kilikuwa na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi: jina la mwenyewe, tarehe na ugonjwa. Ndivyo alivyokuwa akisema, ugonjwa. Haitoi sauti. Inatafuna mkanda. Na vyote alikuwa ameshavitengeneza. Kila mwezi alivipangusa vumbi, akavichomeka kwenye umeme kimoja kimoja, akasikiliza, akaridhika, akavirudisha rafuni. Mimi nasimama mlangoni na ufagio, nimenuna.

Basi binti yetu akapiga simu. Amejifungua, mumewe yuko mbali kikazi, anakuja Jumamosi na kichanga chake. Nikamwambia Waya, "Vitoe leo hii."

"Si vyangu, mke wangu. Ni vya watu."

"Watu gani? Humo mna redio imeingia kabla binti yako hajaota meno!"

"Mtu aliniachia, nikamwambia nitamtunzia. Akija nimwambie nini?"

"Na mjukuu wako alale wapi, juu ya deki?"

Akanyamaza. Huo ndio ugomvi wake, kunyamaza. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Nikaandika majina ya wale waliokuwa bado wanakaa karibu, nikavaa viatu, nikatoka.

Mwalimu mkuu mstaafu nilimkuta barazani kwake, anatazama mpira kwenye simu. Nilipomtajia redio kaseti yake alicheka hadi akakohoa. "Bado anayo? Tupeni tu, mama. Mimi nilinunua nyingine wiki ileile."

Wiki ileile! Na mume wangu alizunguka mji mzima siku tatu kutafuta kampira ka kuzungushia kaseti, viatu vikamwisha soli. Karani wa posta naye hakukumbuka kama aliwahi kuwa na deki. Alinijibu akiwa ameshika mlango, hata karibu hakuniambia.

Wa mwisho alikuwa mshonaji, mteja wetu wa miaka na miaka. Aliinua uso kutoka kwenye cherehani. "Waya? Kumbe yupo? Sisi tulijua alishafariki."

"Mlijua amefariki," nikamwambia, "halafu hamkuja hata kunipa pole?"

Miguu yake ikasimama juu ya kikanyagio. Nikampa vidonge vyake pale pale, mbele ya wateja wake, na maneno yenyewe siyaandiki hapa.

Njiani nilijiapia kwamba Waya hataambiwa. Lakini uso wangu haujui kuficha kitu.

"Wamesemaje?"

"Tutupe."

"Wote?"

"Wote."

Akatazama mikono yake. "Hakuna aliyeniulizia?"

Nilitaka kudanganya, nikachelewa kufungua mdomo.

Kesho yake asubuhi alivitoa mwenyewe, kimoja kimoja, na mgongo wake ule unaomsumbua. Nilipojaribu kumpokea alinipita kama hanioni. Kufika saa sita chumba kilikuwa kitupu. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na sijawahi kufagia chumba kwa hasira kama siku ile. Niliwachukia wale watatu, nikajichukia na mimi kwa kwenda kuwauliza.

Mchana akaja mwanamume anayekusanya vyuma chakavu na mkokoteni wake. Akaikamata redio ya mwalimu mkuu kwa mpini, akairusha juu ya mabati. Kioo cha stesheni kikapasuka. Waya alikuwa dirishani.

Mimi, niliyeviita takataka miaka yote hiyo, nikatoka mbio pekupeku.

"Taratibu, wewe! Hukufundishwa kushika vyombo vya watu?"

Yule bwana akashangaa. "Mama, si vimekufa hivi?"

"Vimekufa, nani kakwambia? Vinafanya kazi! Vyote vinafanya kazi!"

Majirani wakafungua madirisha, mmoja akaniuliza kuna nini, na mimi nikazidi kupaza sauti.