Ndiga za Siku ya Pili

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyenifikisha umri huu nikiwa na meno machache na mengi ya kumshukuria, na rehema zimshukie Mtume wake. Baada ya hayo, nasimulia.

Ndiga zikiwa majini hutoa harufu ya uchachu, kama nguo mbichi iliyosahauliwa kapuni. Asiyezijua na aelewe kwamba ni viazi vya porini vyenye sumu, ambavyo watu wa vilima vya Ruaruke huvichimba mwaka wa njaa. Humenywa, hukatwa vipande vyembamba, hulazwa ndani ya tenga kwenye maji yanayotembea kwa siku tano, kisha huanikwa na kutwangwa unga. Zikitolewa mapema humlevya mtu, na aliyekula nyingi huenda asiamke tena.

Mwaka ninaousema nilikuwa binti wa miaka kama minane. Wadachi, ndio Wajerumani, walikuwa wakipigana na Waingereza, na serikali yao haikutaka kuulizwa neno. Amri ilishuka kwa akida, akida akampa jumbe, na jumbe akapita na askari nyumba kwa nyumba. Walichukua mpunga, wakachukua mtama na kuku, kisha wakachukua wanaume. Aliyeficha chakula alilazwa chini mbele ya watu akapigwa hamsa wa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Hata msikitini watu waliacha kuulizana habari, kwa kuwa haikujulikana nani anapeleka maneno kwa jumbe. Baba yangu, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani, alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Tukabaki mama, mimi, mdogo wangu Saidi ambaye ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, na Shangazi Mwanahawa, dada yake baba. Chakula chetu chote kilikuwa tenga moja la ndiga, tulilolificha kijitoni chini ya matete.

Siku ya pili tangu tuzilaze, wakati wa adhuhuri, askari mmoja alitukuta palepale. Alikuwa peke yake, mtu wa bara, bunduki begani, viatu vimefumuka, mifupa ya mashavu imemtoka. Askari nao hawakuwa wakishiba. Akayafunua matete, akalinyanyua tenga, maji yakachuruzika.

"Muhogo huu! Na jumbe wenu anaapa hamna kitu."

Shangazi akamfinya mama mkono. Nilikuwa katikati yao, nikamsikia akinong'ona, "Nyamaza, wifi. Mwache ale."

Mimi pia nilijua, na nilitaka ale. Siwezi kulificha hilo leo. Askari akachagua kipande kinene, akakipangusa kwa kiganja, akasema, "Bismillahi."

"Usile, bwana!" mama akasema, kwa sauti ya juu kuliko alivyokusudia. "Si muhogo huo, ni ndiga. Bado zina sumu."

Askari akacheka mpaka tenga likatikisika mkononi. "Jana mwenzako kaniambia kuku wake wana ugonjwa. Juzi mwingine, mtama wake una mdudu. Leo muhogo wako una sumu! Kijiji hiki kuna kitu kizima kweli?" Kisha akaacha kucheka, akaninyooshea mimi kile kipande. "Haya, mtoto aonje tuone."

Mama alikinyakua kabla hakijanifikia, akakitafuna, akameza. Askari akaketi juu ya jiwe kumtazama. Haikupita muda mrefu mate yakaanza kumtoka mama, akasema ulimi unawaka, akajaribu kusimama, miguu ikampinda kama ya mlevi. Akatapika mara nyingi. Shangazi alimshika kichwa, huku akisoma dua alizozijua na kutukana matusi aliyoyajua, yote kwa pumzi moja. Askari akanawa mikono, akalirudisha tenga majini taratibu.

"Bado siku ngapi?" akauliza.

"Tatu," mama akajibu, macho ameyafumba.

Siku hizo tatu zilipotimia alikuja na gunia. Akazoa vipande vyote, hakuacha hata vya kumpikia Saidi. Alipoondoka shangazi akalia kwa hasira. "Si ungemwambia mwezi mzima, wifi! Mtu wa bara yule, angejuaje?"

"Nilikuwa nimelewa, wifi," mama akasema. "Uongo unataka akili timamu."

Wakatazamana, wakacheka, kisha wakachukua majembe. Tuliishi kwa majani ya porini yaliyochemshwa mpaka ndiga mpya zilipotimiza siku zake. Saidi alikonda hadi akashindwa kulia, lakini alipona. Mtoto wa jirani yetu hakupona. Nilipomuuliza mama kwa nini alimwonya yule askari, alinijibu, "Alitaja jina la Mungu juu ya sumu, na mimi ndiye niliyekuwa ninajua. Ningenyamazaje?"

Nchi ilipopata uhuru nilikuwa tayari na wajukuu. Sasa ninaishi Kibiti, ninasomesha wasichana Kurani, na unga tunaununua dukani. Vibarazani watu hubishana juu ya serikali kwa sauti, halafu huenda kula, na wajukuu huacha chakula sahanini. Siwakemei, nashukuru kuwaona wakiacha. Wanafunzi huniuliza mama alipata malipo gani kwa kusema kweli. Nawaambia sikuyaona. Baba hakurudi. Alipita vijiji vya watu akiwa na njaa na mzigo kichwani, na mpaka leo sijui kama alipoinua tonge la kigeni palikuwa na mwanamke wa kumwambia, "Usile, bwana."

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akulishe kilicho salama, awarudishe nyumbani walio wako, na kila uendako ugenini akuwekee mtu wa kukuonya, hata kama hakupendi.