Papa Rachidi Alipopakiwa Kama Mizigo

Mimi nimefundisha watoto wadogo miaka kumi na nane hapa Goma, kwa hiyo mnisamehe: nilipoona shofere wa kamyo anakaa benchi moja na mimi, nilikasirika. Ilikuwa formasiyo, mafunzo ya siku tano, ya watu watakaosindikiza michezo ya watoto kwenye kambi ya waliokimbia vita, Kanyaruchinya, ule mwaka waasi walipokata barabara ya Rutshuru. Nafasi za kazi zilikuwa chache. Nikajiuliza, huyu muzee wa miaka hamsini na saba anatafuta nini hapa?

Papa Rachidi ni mtu wa mtaa wa Mabanga, wazazi wake walikuja kutoka Maniema kwa biashara. Miaka ishirini na mitano aliendesha Fuso kati ya Goma na Kiwanja. Anapanda na chumvi na sabuni, anashuka na maharagi, akifika Kibumba anaongeza viazi na kabichi, na juu ya kabichi anaongeza watu. Volkano ya 2021 ilipomwaga moto barabarani, alingoja mashine zisawazishe mawe, akapita yangali yanafuka moshi. Alipenda kusema kwamba mlima ulimfungia njia siku chache tu, watu wamemfungia miezi.

Basi Fuso ikalala. Yeye akabaki nyumbani akimfundisha mke wake, Mama Fatuma, namna ya kuwasha jiko la makala, namna ya kuosha maharagi, hata namna ya kufagia. Mama Fatuma njo alimwandikisha kwenye formasiyo. Alisema heri aende kusumbua watoto wa wenzake. Tulicheka wote, lakini siku ya pili muzee aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mwanaume akikaa bure anaoza, na kwamba kazi hii anaitaka kweli. Nilimwonea huruma, ingawa kidogo tu.

Mfundishaji wetu, Kakule, alikuwa na sheria moja. Mchezo ni wa mtoto. Mkubwa anafuata, haongozi, harekebishi, na kama hakuna hatari afunge mdomo. Sisi tuliandika kwenye daftari, mimi nikapiga mstari kwa rula. Kisha tukajaribu wenyewe kwa wenyewe, nusu yetu tukijifanya watoto. Ee Mungu! Papa Rachidi alirekebisha kila mtu. Mimi, Généreuse, mwalimu mzima, alinionyesha namna ya kuruka kamba. Kakule akamkumbusha taratibu kwamba hapa hana usukani. Akasema amesikia. Haikupita dakika kumi akaanza tena. Mazoea yana taabu.

Siku ya mwisho ilikuwa mtihani, kila mtu saa moja na watoto wa kambi. Kakule alikaa pembeni na kengele na karatasi ya pointi ishirini. Tano zilikuwa za kuheshimu saa: kengele ikilia, unapiga makofi, watoto wanafanya duara, mchezo umekwisha.

Watoto wa Papa Rachidi wakatengeneza kamyo. Walipanga mabenchi, mfuniko wa sufuria ukawa usukani, safari ni ya Kibumba. Shofere alikuwa Emerance, msichana wa miaka tisa, ambaye yeye na wazazi wake walikimbia Kibumba kwa miguu. Akamtazama muzee, akamwambia yeye ni mizigo, tena kabichi. Wakampakia nyuma katikati ya madumu mawili matupu. Nikaona mdomo wake unafunguka. Jamani, kabichi haipelekwi Kibumba, kabichi inatoka kule! Akameza mate, akafunga mdomo. Mbavu ziliniuma kwa kucheka.

Wakaondoka. Emerance alipiga klakso, pii pii, akakata kona bila kupunguza mwendo. Muzee akashika benchi, akafumba macho. Halafu ghafla Emerance akakanyaga freni, akasema njia imekatwa, kuna bariyeri. Mtoto mmoja akaanza kushuka. Emerance akageuka nyuma.

"Papa, njia imefungwa. Tufanye nini?"

Kakule akainua kalamu. Muzee huyu anajua kila njia ya panya mpaka Kiwanja, nami nikajua sasa atamwelekeza, ameanguka.

"Mimi niko kabichi, mama," akasema. "Shofere ni weye."

Emerance akafikiri. Kisha akazungusha mfuniko kwa nguvu zote na kutangaza kwamba wanapitia juu ya volkano. Wakapanda, wakainua miguu wasiungue. Kabichi nayo ikainua miguu. Wakateremka ng'ambo, na Emerance akasimamisha gari Kibumba, akaamuru kila mtu aende kwao.

Wakashuka. Mmoja alisalimia mbuzi wasiokuwepo. Mwingine alifunga mlango usioonekana. Emerance akaokota tawi, akaanza kufagia uwanja wa kwao. Hapo kengele ikalia.

Hakuna aliyegeuka. Kakule akapiga tena, akimtazama muzee, ambaye alibaki kwenye benchi na madumu yake. Nikamnong'oneza kwamba pointi zinakwenda. Alinisikia vizuri sana.

"Kata tu pointi, Monsieur Kakule," akasema. "Miaka vingt-cinq yote ya Fuso, sijawahi kumurudisha mutu ambaye amefika kwao."

Kakule akatia kengele mfukoni. Tulingoja wote. Emerance akamaliza kufagia bila haraka, akaja, akamshika kabichi mkono na kumshusha mbele ya nyumba yao.

Papa Rachidi alipata kumi na tatu, na kufaulu ilikuwa kumi na mbili. Kwenye saa, sifuri. Mimi nilikuwa wa kwanza, kumi na saba, na kwenye saa nilipata zote tano. Kwenye zamu yangu, watoto walikuwa wameteleka chungu cha mchanga, wamekaa wanangoja ugali uive. Kengele ilipolia nikapiga makofi, wakainuka, wakaacha chungu motoni bila kula. Karatasi yangu ile ninayo mpaka leo, na sijamwonyesha mtu.