Daktari Aliyetaka Kulala

Wiki iliyopita, kwenye kliniki moja ya mtaa wa Katoyi, mjini kwetu, nilimkuta mwenzangu wa chuo. Aliingia udaktari kwa kupenda upasuaji, lakini amechagua kutibu ngozi.

"Ngozi inalipa, dada, na usiku ninalala. Wenye kupigwa masasi ya bunduki, wengine watawashona."

Nilimwita mwoga, mbele ya wagonjwa wake waliokuwa kwenye benchi.

Hapo mama mmoja akafunua bega lenye kovu la risasi. "Dokta, hii kovu inaniwasha kila mara kabla ya masasi kulia. Unaweza kuifuta?"

"Ilikuwasha lini mara ya mwisho, mama?" daktari akauliza.

Mama alikuwa tayari anajikuna. Pembeni yake muzee mmoja akaanza kujikuna kovu la paja, kisha msichana la shingo, wote wakitazama mlango.

Haya, waheshimiwa wasomaji, nijibuni: katika mji huu, ni utaalamu gani wa udaktari unaomwacha daktari alale?