Siku Mama aliposhukuru na Baba bado yuko ndani

Mama alimshukuru Mungu mbele ya kanisa zima, na hakuna aliyesema amina.

Leo nimelikumbuka hili. Ilikuwa Kigali, mwanzoni mwa 1991. Baba alikuwa ameingia mwezi wake wa tatu gerezani, bila kesi. Tangu akamatwe, majirani waliogopa hata kukaa benchi moja na sisi.

Wakati wa ushuhuda Mama akasimama. Watu wakageuka. Walidhani Baba ameachiwa.

"Hajatoka," akasema. "Jana nilimpelekea maharage, walinzi wakanirudisha nayo. Lakini Mungu anatupenda, sisi hapa na yeye kule ndani. Kwa hilo nashukuru."



Mchungaji akakohoa, akatangaza wimbo.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Niliona aibu, kusema kweli.

Njiani nikamuuliza, "Mama, si ungengoja atoke kwanza?"

"Na asipotoka?"

Wewe ungemjibu nini?

Baba alitoka katika mwezi wake wa nne humo ndani, amekonda, amevaa shati lisilo lake. Mama, ambaye hakuwa amelia siku zote hizo, alimshika mkono akalia.

Siku hiyo aliyeomba ni Baba, akiwa bado amesimama mlangoni.