Moshi wa Majani ya Miembe

Tulitoka Mombasa watu watatu: mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka sita. Tulivuka mpaka Horohoro, tukalala Bagamoyo kwa sababu nilitaka mimi. Babu wa babu yangu alianzia hapo, akafuata misafara kwenda bara, hakurudi. Siku ya tatu, tulipoipita Manyoni, basi likaingia kwenye pori la miyombo lisilokwisha.

"Huyo babu yako alipita hapa kwa miguu?" mke wangu akauliza.

"Ndiyo."

"Basi kutangatanga mmerithishana."

Nilikuwa nimepata kazi ya ufundi wa pampu za visima Tabora. Tulipanga nyumba mtaa wa Cheyo wakati wa masika. Pumu ya binti yetu, iliyotutesa Mombasa, ikatulia. Nikajiona mwerevu.

Kikaja kiangazi. Nikirudi kutoka visima vya Ziba niliona nyika ikiungua pande zote, mstari wa moto usio na mwisho. Waliosafisha mashamba walichoma, waliotengeneza mkaa walichoma. Jioni moshi ule wote ulishukia mjini, ukakutana na vumbi na moshi wa majiko na wa taka. Jua likawa duara jekundu lisilo na miale. Ungeweza kulikodolea macho. Siku ya kwanza nilisimamisha pikipiki, nikalitazama mpaka likazama. Mji mzima ulikuwa umemezwa, na ulikuwa mzuri kiasi cha kunitia hofu. Nilipofika nyumbani, binti yangu alikuwa akisema maneno mawili, kisha anapumzika.

Tulitundika khanga mbichi madirishani. Asubuhi zilikuwa na rangi ya chai.

Mwezi wa Agosti mtoto alizidiwa, tukalala hospitali siku tatu. Daktari alisema tumweke mbali na moshi. Tuliporudi na bajaji tukakuta uwanja wetu umefagiliwa, mistari ya fagio imenyooka, na langoni rundo la majani ya miembe linafuka. Majirani watatu wamelizunguka, akiwemo bibi wa nyumba ya pili.

"Mwangaluka," akatusalimu kwa kilugha chao. "Nyumba yenye mgonjwa haiachwi na uchafu. Na moshi huu utafukuza mbu."

Binti alianza kukohoa kabla ya kushuka. Mama yake akamfunika khanga, akakimbia naye ndani. Mimi nikachukua ndoo, nikaumwagia moto maji, bila hata kuamkia.

Bibi akaanza utani wa wenyeji wa Tabora kwa watu wa pwani.

"Babu zetu walibeba pembe zenu za ndovu mpaka baharini. Wewe moshi kidogo unakushinda kubeba?"

"Shikamoo, bibi. Si mimi. Sikiliza."

Kifua cha mtoto kilikuwa kikipiga filimbi, mpaka pale langoni kilisikika. Bibi akasikiliza. Akaliegemeza fagio ukutani.

"Kumbe tumemletea wenyewe," akasema.

Kesho yake walichimba shimo nyuma ya nyumba yake. Toka siku hiyo mtaa mzima ulifagia kama kawaida, kisha ukabeba majani kwa beseni kwenda kuyafukia. Nilikuwa nikiamka nasikia mafagio, nangoja harufu ya moto, haiji. Nimeishi miji mingi. Sijaona mahali pengine watu wakiacha kazi waliyorithi kwa mama zao kwa ajili ya mtoto wa wageni.

Lakini nyika iliendelea kuungua, na mitaa mingine haikutujua. Mwezi wa Oktoba tulirudi tena hospitali.

"Hawa wamemaliza sehemu yao," mke wangu aliniambia kando ya kitanda. "Imebaki yetu."

Mimi sijawahi kuhitaji sababu ya kuhama. Safari hiyo niliitafuta sababu ya kubaki, nikaikosa.

Asubuhi ya kuondoka, bibi alikuja na kata ya khanga kichwani, akaliinua begi letu kubwa kabla sijalishika.

"Bibi, acha nibebe."

"Mizigo ya watu wa pwani tunaijua sisi. Tangulia."

Akatufikisha nalo hadi kwenye bajaji. Tulipopanda barabara kuu niligeuka. Moshi wa asubuhi ulikuwa ukinyanyuka kila upande wa mji, nguzo kwa nguzo. Nikautafuta mtaa wetu kwa nafasi iliyokuwa tupu katikati ya nguzo hizo.