Mbuzi wa Chini ya Kitanda

Masizi yakichanganywa na mafuta ya mawese yana harufu ambayo sijaikuta penginepo. Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni akiwa amechorwa ndevu kwa mchanganyiko huo, maana walikuwa na mchezo wa kuigiza. Nikamvuta, nikamnusa shavu hadi akanisukuma. "Maman, uko na nini?" Nilikuwa nimekwisha kufika kwenye njia ya Nyantende, ndugu zangu, nikiwa tena mtoto wa miaka saba mwenye kamba shingoni.

Acheni niwaeleze hiyo kamba. Mama aliongoza kundi la maigizo la parokia yetu hapa Bukavu. Wakati ule wa vita, wengine walisafiri kwa kukimbia. Sisi tulisafiri kwenda kuigiza. Majirani walisema amerukwa na akili. Yeye alisema Wakristo wa kule kijijini Nyantende wamekaa mno bila kucheka, na tena muhogo wao ni mtamu. Mchezo wenyewe ulimhusu bahili anayeficha mbuzi chini ya kitanda ili wakwe zake, waliokuja kumtembelea, wasimle. Tonton Déo, mdogo wake Mama, alikuwa bahili. Wakwe walikuwa waimbaji watatu wa kwaya. Mbuzi nilikuwa mimi, ndiyo maana ya kamba. Mchezo mzima nililala kimya, na mwishoni kabisa, wakwe wakiaga kwa njaa, nilitoa mlio mmoja tu. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi jikoni, chooni, na hata katikati ya sala. Nilijivuna kupita kiasi.

Jumamosi asubuhi tulishika njia kwa miguu, Mama akiwa amekwisha kuwapaka wanaume ndevu ili tusichelewe kuanza. Hapo ndipo tulipokosea. Kwenye kizuizi cha askari, wanaume wenye ndevu za masizi na mtoto mwenye pembe za vijiti hawangeweza kupita hivihivi.

"Musimame! Muko batu gani? Juu ya nini munajificha sura?" aliuliza komanda wao.

"Chef, tuko batu ba teatre," Mama akajibu. "Tunaenda kuchezea bakristo ba Nyantende."

"Basi mucheze hapa. Tuone kama hamudanganye."

Kwenye barabara ile watu waliporwa hadi viatu, na wengine hawakurudi kwao. Nilijua, maana nyumbani hayo yalisemwa kwa sauti ya chini. Lakini mimi nilichowazia ni mlio wangu. Nikajipenyeza chini ya benchi la askari. Tonton Déo akaanza kuwalilia wakwe umaskini wake huku akishikwa na kigugumizi cha hofu, na askari wakaona ni fundi kweli. Walicheka. Mmoja aliweka bunduki chini ili apige makofi. Wakwe wakaaga. Nikavuta pumzi, na hapohapo mkono wa Mama ukaingia chini ya benchi ukaniziba mdomo.

"Chef, tunaishia hapa," alisema. "Mwisho tutaicheza kesho, tukirudi."

"Nini, Maman? Na ile mbuzi? Bakwe bataiona ao hapana?"

"Kesho, chef. Padri anatungojea."

Komanda alimtazama. Kisha akaagiza kamba ya kizuizi ishushwe, akawageukia vijana wake: "Mutu hata mumoja asibaguse, mpaka tujue habari ya ile mbuzi!"

Nililia njia nzima. Niliona nimedhulumiwa. Hata kule Nyantende, ambako bibi mmoja alicheka hadi akaomba maji, na ambako tulibebeshwa muhogo tele, kinyongo hakikuniisha.

Kesho yake, kabla hatujakiona kizuizi, tulisikia mtu anapiga kelele: "Mbuzi inakuya! Mbuzi inakuya!" Askari walikuwa wamewaita wenzao, wamekaa chini kwa mistari. Safari hii Mama hakunizuia. Nilitoa mlio wangu, nikauvuta hadi pumzi ikaniishia, na komanda akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Hakuna aliyegusa muhogo wetu hata kipande.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba sauti yangu ndiyo iliyotufungulia barabara. Mama alinisikiliza, akatabasamu, hakunisahihisha. Nilikuwa nimekwisha kuzaa mwenyewe nilipoelewa kwamba siku ile ya kwanza aliwaachia wale watu sababu ya kutaka turudi wazima. Na nikaukumbuka ule mkono wenye harufu ya masizi na mawese, jinsi ulivyotetemeka mdomoni mwangu. Mimi nilidhani amenikasirikia.